Mazungumzo Yetu Yarudi Kilwa

Kwa wahariri wa majarida ya isimu, kwa wakuu wa idara za lugha katika vyuo vikuu vya nyumbani na vya ng'ambo, na kwa kila mtafiti anayeshuka Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, akiwa na kinasa sauti mkobani.



Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Kilwa Kivinje. Nyumba niliyozaliwa ilikuwa na lugha zake kabla sijajua kuzihesabu. Baba, mtu wa pwani, alisema Kiswahili cha hapa hapa, kile ambacho vitabu hukiita Kimgao. Mama alitoka vilimani, Kipatimu, akatulea kwa Kimatumbi. Chuoni kwa maalimu tulisoma Kiarabu na kuandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Duka la pili kutoka kwetu lilikuwa la Mhindi, na sisi watoto tulijua kuhesabu hadi kumi kwa Kigujarati kwa sababu tulitumwa sukari na mafuta ya taa kila jioni. Kiingereza kilikuja mwisho, shuleni. Hakuna aliyetuambia kwamba haya yote yana jina la kitaalamu. Tuliona ndivyo watu wanavyoishi.

Nina jambo moja la kuwaambia, na nimelikalia kwa miaka. Tafiti zenu juu ya lugha zetu huchapishwa mahali ambapo sisi hatufiki, kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi, na kwa bei tusiyoimudu. Nyinyi husema kazi imetoka. Kuchapisha ni kutoa jambo hadharani, na mimi naomba hadhara ya kwanza iwe sisi tuliosema maneno hayo. Siombi kwa ajili ya heshima peke yake. Kazi ambayo mwenye maneno hakuisikia hubaki na makosa ambayo mhakiki wa chuo, hata awe bingwa namna gani, hawezi kuyaona.

Kilwa si ngeni kwa barua. Barua za kale kuliko zote zinazojulikana kwa Kiswahili ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Habari za wafalme wa Kilwa Kisiwani zilimfikia mwanahistoria João de Barros, naye akazichapa kwa Kireno mwaka 1552. Nakala ya Kiarabu ya habari hizo, iliyoandikwa upya Unguja mwaka 1877, Sultani Barghash alimpa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, ikaishia London, na matini yake yakachapwa mwaka 1895. Nimefundisha miaka 34. Nimevuka na wanafunzi kwa mashua mara nyingi kwenda kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, na sijawahi kushika hata kivuli cha ukurasa mmoja wa barua zile. Mawe yamebaki, na tangu 1981 dunia nzima inayahesabu kuwa urithi wake. Maneno ndiyo yaliyoondoka.

Sasa niwasimulie lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1998 alikuja kijana mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, kutoka chuo ambacho sitakitaja. Alikuwa mpole, mwenye adabu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Akakaa nasi miezi minne. Alitaka kujua watu wa Kivinje hubadili lugha vipi wakiwa sokoni, na kwa nini. Alijaza kaseti nyingi, nami nikawa mwandishi wake. Usiku, kwa taa ya chemli, nilisikiliza, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikaandika kila neno kwenye daftari kubwa, Kimatumbi upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia. Alinilipa kwa ukurasa, na hakuchelewesha hata mara moja. Siku ya kuondoka aliahidi kitabu. Mama yangu mdogo, ambaye sauti yake ilijaa kwenye kaseti zile kuliko ya mtu mwingine yeyote, alimfungia korosho za kukaanga na kumwombea safari njema.

Kitabu hakikuja. Miaka 20 baadaye mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa chuo kikuu, aliniambia ameona kwenye intaneti makala ya yule kijana kuhusu soko letu. Tulipojaribu kuifungua, tuliambiwa tulipe dola 38. Kwa wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi 85,000, na pensheni yangu ina kazi nyingine. Baadaye aliipata kupitia maktaba ya chuo chake. Likizo akaja nayo kwenye simu, tukakaa uani, mimi nikisoma Kiingereza na kufasiri, mama mdogo akisikiliza huku anapeta mchele.

Alijitambua upesi. Ndani ya makala alikuwa Mzungumzaji B, mchuuzi wa samaki. Alicheka kidogo kwa kuitwa herufi, akaniambia niendelee.

Nilipofika kwenye uchambuzi, nilisita. Kipande kilichochambuliwa nilikikumbuka, maana nilikiandika mimi. Mama mdogo anapima dagaa kwa kopo mbele ya mnunuzi kutoka Dar es Salaam, wanazungumza Kiswahili. Mara anamgeukia mwanamke anayepita, anasema naye Kimatumbi sentensi nne tano, watu wanacheka, kisha anarudi kwa mnunuzi na Kiswahili chake. Mwandishi wa makala aliamua kwamba Kimatumbi pale kilikuwa lugha ya siri, ya kumfungia mgeni nje na kumficha bei ya kweli. Juu ya kipande hicho alijenga hoja nzima kuhusu lugha za makabila na ujanja wa soko.

Mama mdogo aliweka ungo chini. Akasema, "Yule alikuwa ametoka kuzika. Nilikuwa nampa pole."

Kisha akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nami nilivyokumbuka. Mwanamke yule alijifunga kitenge kichwani namna ya mfiwa, jambo ambalo kinasa sauti hakikuliona. Pole ya msiba, kwa mtu mliyetoka naye kilima kimoja, mama mdogo haitoi kwa Kiswahili; akiitoa kwa Kiswahili, anasema, amemfanya mwenzake mtu wa mbali. Na kicheko? Nyuma ya meza alikuwapo mtani wa marehemu, akasema maiti ameondoka na deni lake la pweza, kama watani wanavyotakiwa kusema penye msiba, hata mfiwa mwenyewe akacheka. Bei haikutajwa kabisa. "Ningeificha ya nini," akauliza, "na soko zima walikuwa wanaijua?"

Kilichoniuma ni kwamba niliandika kila neno sawasawa. Daftari langu halikuwa na kosa. Ila hakuna aliyeniuliza maneno yale yalikuwa yanafanya kazi gani pale sokoni, na mimi, nikidhani mwenye elimu anajua, nilinyamaza. Kama makala ile ingesomwa uani kwetu kabla ya kwenda kwa mhariri, kosa lingesahihishwa kabla chai haijapoa. Limekaa miaka mingi, na anayeisoma leo hana sababu ya kulitilia shaka.

Wahariri wapenzi, mnapeleka kila makala kwa wahakiki wawili ambao majina yao hufichwa. Utaratibu huo naufahamu na nauheshimu. Lakini wahakiki hao hupima hoja kwa hoja na nadharia kwa nadharia. Aliyekuwa pale sokoni hayumo. Mama mdogo angekuwa mhakiki wa tatu, na angewalinda na aibu ambayo wale wawili wasingeweza kuwalinda nayo.

Watu wa Kusini tunaijua biashara ya namna hii, ya mali kutoka kwetu na faida kubaki mbali. Sehemu kubwa ya korosho zetu hupakiwa ghafi, ikaenda kubanguliwa India na Vietnam, na faida kubwa hubaki kwa abanguaye. Kati ya 1909 na 1913, huko Tendaguru, Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kwa mikono ya watu wa Lindi, chini ya msimamizi hodari aliyeitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliitwika vichwani na mabegani hadi bandarini, zaidi ya tani 200. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin, urefu wake unapita mita 13, na watoto wa Ulaya hupelekwa kumtazama. Sitaki maneno yetu yafuate njia ya mifupa ile. Na maneno yana neema moja ambayo mfupa hauna: yanaweza kukaa Berlin na Kilwa kwa wakati mmoja, bila yeyote kunyang'anywa.

Tazameni yalipo. Sarufi ya Kimwera, lugha ya maelfu ya watu wa mkoa huu, iliandikwa na Lyndon Harries na kuchapwa Johannesburg mwaka 1950, kwa Kiingereza. Hadithi za Wamwera na namna wanavyozisimulia zilichambuliwa na Uta Reuster-Jahn katika kitabu cha mwaka 2002, kwa Kijerumani. Kindengereko cha majirani zetu wa Rufiji kilielezwa na Eva-Marie Ström katika tasnifu ya Gothenburg ya mwaka 2013. Kimatumbi cha mama yangu kina kitabu kizima cha David Odden, cha mwaka 1996, kutoka matbaa ya Oxford. Hao sikuwataja ili kuwalaumu. Walikaa, walijifunza, walitoa jasho, na pasipo wao pengine lugha hizi zisingekuwa hata na ukurasa. Nawataja kwa sababu kazi zao ni nzuri mno kukosekana hapa.

Chukueni neno moja. Kimatumbi kina neno kikoloombe, maana yake kombe au gamba la kusafishia vitu. Likisimama peke yake, irabu yake ya pili kutoka mwisho huwa ndefu. Ukiongeza baada yake neno la kumiliki, kama kusema ni lako, irabu ile ile hufupika. Mmatumbi yeyote hufanya hivyo bila kufikiri. Odden alionyesha kwamba kufupika huko hakutegemei sauti peke yake. Kunategemea namna maneno yanavyofungamana ndani ya sentensi, na tangu miaka ya 1980 wanafonolojia wa nchi za mbali wamekuwa wakiujadili mfano huu. Wanafunzi wa isimu ambao hawatafika Kipatimu maishani mwao wanalijua jina la gamba la kusafishia la bibi yangu. Katika miaka yangu yote darasani sikukutana na mwanafunzi wa Kilwa, hata Mmatumbi, aliyejua kwamba lugha ya kwao imefundisha dunia kitu. Wengine walikuwa wakiionea haya. Nafikiri mtoto aliyekwisha kusikia habari ya kikoloombe hawezi tena kuionea haya namna ile.

Na kuna jambo la Kimgao, ambalo hunichoma zaidi kwa kuwa nililifundisha mimi mwenyewe. Katika somo la lahaja za Kiswahili mwanafunzi hukariri orodha: Kiunguja mjini Unguja, Kimvita Mombasa, Kiamu Lamu, Kimgao Kilwa. Nilisimama ubaoni, Kilwa, nikaandika "Kimgao: Kilwa", na watoto wa Kilwa wakanakili ili wajibu mtihani. Mmoja akauliza, "Mwalimu, chenyewe kinasemwaje?" Sikuwa na matini hata moja ya kumpa. Wataalamu wamekwisha kuandika kwamba lahaja hii imemezwa na Kiunguja na Kiswahili sanifu. Ilikuwa kinywani mwa baba yangu, na sehemu yake imo kinywani mwangu bado, katika majina ya pepo na maji na samaki, katika namna wazee wanavyoitikia wakiitwa. Aliyeinasa akaichambua, akaandika hukumu ya kufa kwake katika jarida la mbali, angetuletea walau kaseti tumsikie marehemu anavyosema.

Najua mtakalonijibu kwanza: kazi ya kisayansi haiandikiki vyema kwa Kiswahili. Jibu hilo limepitwa na wakati tangu nikiwa kijana. Jarida la Mulika, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, limechapisha makala za lugha na fasihi kwa Kiswahili tangu 1971. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ilitoka mwaka 1990. Fonimu, mofimu, lahaja, ubadilishaji msimbo, yote yana majina. Mradi wa Lugha za Tanzania ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, kwa Kiswahili, na katika nchi ambayo sensa haijauliza mtu kabila lake tangu 1967, atlasi hiyo ndiyo picha kamili zaidi tuliyo nayo ya nani anasema nini na wapi. Nilipoifungua mara ya kwanza nilitafuta Kilwa kwa kidole kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Jarida la Swahili Forum, linalohaririwa Ujerumani, hupokea makala za Kiswahili na msomaji halipi kitu. Na mwaka 2019 ulitolewa wito wa Helsinki wa kutaka taaluma ichapishwe na kuheshimiwa kwa lugha nyingi. Kwa hiyo njia ipo, na waliopita wamepita.

Jibu lenu la pili ni zito zaidi, nami nalipokea kwa masikitiko. Mhadhiri kijana ananiambia: mwalimu, makala ya Kiingereza katika jarida la kimataifa inanipandisha cheo, ya Kiswahili inahesabiwa kidogo, na kitabu cha kuwasomea wanakijiji hakihesabiwi kabisa. Majarida mengine yanataka mwandishi mwenyewe alipe ndipo makala isomwe bure, na ada hiyo hufika dola elfu moja, mbili, tatu. Mshahara wake haufiki huko. Huyu simlaumu. Amebanwa kama mvuvi aliyekopeshwa nyavu na tajiri, samaki wote ni wa tajiri kabla hajaingia baharini. Wa kumfungua ni nyinyi wakuu wa idara na mabaraza ya vyuo, mnaoandika kanuni za kupanda vyeo. Kanuni hizo mliziandika kwa mikono yenu. Mnaweza kuamua kwamba utafiti wa lugha ya jamii ya Tanzania haujakamilika mpaka uwe na toleo la Kiswahili ambalo wenye lugha wanaweza kulipata bila malipo, na mkalipa toleo hilo alama sawa na la Kiingereza. Ikitokea hivyo mwaka huu, mwaka ujao tutakuwa na vitabu.

Wengine hunong'ona kwamba kuandika sana habari za lugha za makabila ni kuchochea ukabila. Waje wakae Kivinje wiki moja. Mtu mmoja humsalimu mkwewe kwa Kimwera, humwita mtoto kwa Kiswahili, huomba dua kwa Kiarabu na hutaniwa kwa Kingindo, na hajagombana na mtu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inataka jamii zijivunie lugha zao, na inahimiza zitafitiwe na kuandikwa. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza vilimani Matumbi mwezi Julai 1905, viliwaunganisha watu wa lugha nyingi, na aliyevitungia utenzi, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliutunga kwa Kiswahili ili wote wausikie. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ubavuni. Mpangilio ule naupenda mpaka leo: Kiswahili kimetangulia, na mgeni amewekewa mlango wake.

Kurudisha kazi kwetu kunafanya jambo jingine ambalo wengi wenu hamlifikirii. Kunatupa nafasi ya kusema hapana. Huku Kusini unyago bado una nguvu. Maneno anayofundishwa mwali ndani hayasemwi nje, na baadhi yake hata mimi, mzee kama nilivyo, siyatamki mbele ya mwanamume. Watafiti wanawake wamekaribishwa ndani, kwa imani, wakanasa. Kungwi mmoja aliniuliza, "Yale maneno yangu sasa yako wapi?" Alikuwa ameweka kidole gumba kwenye karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma, akafasiriwa kwa haraka. Alidhani anakubali mgeni akae. Hakudhani anakubali mwanamume wa nchi nyingine asome sauti ya ndani. Kama kila kazi ingerudi kusomwa mbele ya mwenyewe kabla haijatoka, kungwi angesema hiki kitoke, hiki kibaki. Msomi angepoteza kurasa chache. Angebaki na nyumba ya kurudi.

Sitaki mfikirie kwamba naomba makumbusho ya mambo yanayokufa. Kilwa ya leo ina lugha nyingi kuliko ya utoto wangu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, na baadaye lami ilipokamilika, Dar es Salaam ilisogea mlangoni petu. Vijana wa bodaboda wanasema Kiswahili cha Mbagala. Wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 na uliofuata walishuka na mifugo hadi wilaya za Kilwa na Lindi, na sasa mnadani nasikia Kisukuma na lugha ya Wabarabaigi. Palikuwa na ugomvi wa mashamba na mifugo, tena mkali. Lakini mwaka juzi mnadani nilimsikia mtoto wa Kisukuma akipatana na mzee wa Kimatumbi bei ya mbuzi kwa Kimatumbi, polepole, akikosea irabu, na mzee akimsahihisha kwa upole kabla ya kumpunguzia. Nilisimama juani nikisikiliza mpaka biashara ikaisha. Hilo ni somo la utafiti, la lugha na amani kwa pamoja. Mtakuja kulitafiti, na ni haki yenu. Diwani, mwenyekiti wa kijiji, mzee na kijana wangelihitaji jibu lake kuliko msomaji yeyote wa jarida, kwa sababu wao ndio watakaokaa tena chini ya mwembe msimu ujao wakipatanisha.

Kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti, ombi langu ni dogo. Mtafiti anapowasilisha ripoti yake kwenu, mdai pia ushahidi kwamba muhtasari wa Kiswahili umefika katika kata aliyoitafiti, umesomwa barazani, na nakala ya sauti alizonasa imebaki wilayani. Kurasa kumi zinatosha. Siku hizi sauti za miezi minne zinaingia kwenye kijiti kidogo kuliko kidole.

Na waandishi wa kaseti, wale mnaowaita wasaidizi. Katika makala ile ya soko mimi nilishukuriwa kwa pamoja na wengine, kwa neno moja lenye maana ya watu wa huko. Nilikuwa nimeandika kurasa zaidi ya mia nne. Kimatumbi kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Kila usiku ilinipasa kubuni namna ya kuandika mbili zilizozidi ili zisipotee, na alama nilizozibuni nikiwa na kalamu nyekundu ndizo zilizotumika mpaka mwisho. Hiyo ni kazi ya akili. Vijana wetu wanaofanya kazi hiyo leo waandikwe majina yao juu, pamoja na ya mtafiti, na washirikishwe wakati wa kuchambua, maana wao ndio watakaowaambia kwamba mwanamke aliyepita alikuwa amefiwa.

Mama mdogo amepita miaka 70 sasa. Dagaa ameacha, ila soko hajaacha. Huenda asubuhi kuzungumza na wenzake. Nilipomwambia ninaandika barua hii alinitaka niongeze jambo lake, nami naliandika kama alivyolisema. Mhariri wa jarida lile, na ajijue kwamba ni yeye, aweke masahihisho: Mzungumzaji B hakuwa anaficha bei, alikuwa anatoa pole. Jina lake kamili yuko tayari kulitoa lichapwe badala ya ile herufi. Na yule kijana, ambaye sasa lazima ameota mvi, hana kinyongo naye. Aje na kaseti zake. Kuna sauti mle ndani ya dada yake, mama yangu mimi, aliyefariki mwaka 2007, akiita watoto waje kula, na hiyo hatuna mahali pengine pa kuisikia.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Kilwa Kivinje